Fingaprinti ya laptopu inagoma baada ya kupiga Windows upya: "alama hii imeshawekwa kwenye akaunti nyingine"

BintiNgamiani aliuliza:

Salamu wakuu. Naomba msaada kuhusu laptopu ya steshenari, hapa Ngamiani, Tanga. Ni ThinkPad T14 Gen 1 ya Intel, ile ambayo kihisi cha kidole kipo juu ya bodi pembeni ya padi ya kipanya, sio kwenye kitufe cha kuwashia. Ina Windows 11 Pro. Imepigwa Windows upya baada ya kuingiliwa na virusi, diski ikafutwa yote. Kabla ya hapo fingaprinti ilikuwa haina tatizo lolote.

Sasa kuna mambo matatu na sijui kama ni ugonjwa mmoja:

Kwanza, nikisajili kidole cha shahada cha mkono wa kulia, inasoma vizuri, mduara unajaa mpaka mwisho, halafu inaniambia alama hiyo imeshawekwa kwenye akaunti nyingine, nijaribu kidole kingine. Akaunti zilizopo ni mbili tu, yangu na ya mwenzangu, na zote ni mpya.

Pili, kidole cha kati kimekubali, lakini nikifunga kifuniko laptopu ikalala, ikiamka mara nyingi fingaprinti haipo. Inabaki PIN peke yake. Nikizima na kuwasha, bado. Nikichagua Restart, inarudi.

Tatu, mwenzangu wa zamu ya asubuhi amesajili kwenye akaunti yake bila shida, lakini siku nyingi inamkatalia yeye tu. Nyumbani anasuka ukili, sijui kama inahusika.

Kwenye Device Manager inaonekana USB\VID_06CB&PID_00BD, haina alama ya njano. Draiva nimeiondoa na kuirudisha. Windows Biometric Service inafanya kazi. Fundi amesema kihisi kimekufa, tununue kingine. Kabla ya kutoa hela nataka kusikia kwenu.

---

Sahare_Net alijibu:

Dada, hiyo ni hifadhi ya zamani ya alama imebaki. Fungua services.msc, tafuta Windows Biometric Service, bofya Stop. Nenda C:\Windows\System32\WinBioDatabase, nakili faili zote za .DAT uziweke pembeni, kisha uzifute pale. Rudi ubofye Start, sajili upya. Laptopu nyingi za zamani zinapona hapo hapo.

---

fundi_chumbageni alijibu:

Sahare_Net, dawa yako ni ya kweli ila ni ya mgonjwa mwingine. Dada, usifute hiyo folda kwanza.

Vihisi viko vya aina mbili. Vile vya zamani, hasa vya kuburuta kidole, vinapeleka picha ya kidole kwa Windows, na Windows yenyewe ndiyo inayolinganisha na kutunza alama kwenye WinBioDatabase. Kwa hivyo ukifuta faili zile, umefuta alama. Hicho chako, 06CB:00BD, kinalinganisha ndani ya chipu yake, na alama zinakaa ndani ya chipu hiyo hiyo. Hata ufute diski mara ngapi, chipu haiguswi.

Basi kilichotokea ni hiki. Windows ya zamani ilipofutwa, akaunti yako ya zamani ilikwenda nayo, lakini alama yako ilibaki kwenye chipu ikiwa imefungwa kwa namba ya mtumiaji ambaye hayupo tena. Sasa unapoweka kidole kile kile, chipu inakitambua, inasema huyu ninaye tayari, tena ni wa mtu mwingine. "Mtu mwingine" ni wewe wa kabla ya kupiga Windows. Hakuna akaunti iliyojificha wala kirusi. Na ukifuta WinBioDatabase kwenye kihisi cha namna hii unazidisha tatizo: alama mpya nazo zinaweza kubaki ndani ya chipu bila mwenyewe.

Kuhusu fundi aliyesema kimekufa: kihisi kinachokataa kidole kwa sababu kimekitambua, kizima. Usinunue kitu.

Dawa yake iko kwenye BIOS, yaani mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ila usiingie huko kabla ya kutunza ufunguo wa BitLocker, ule usimbaji wa diski wa Windows. Hapa ndipo watu wanapoteza kazi zao zote. Windows 11 inaweza kuwa imefunga diski kwa usimbaji bila wewe kukumbuka kuiwasha, hasa kama uliingia kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuipiga. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

manage-bde -status C:

Ikionyesha Protection On, andika:

manage-bde -protectors -get C:

Utaona nambari ndefu ya tarakimu 48. Iandike kwenye karatasi, au ihifadhi kwenye flashi, sio ndani ya laptopu hiyo hiyo. Halafu simamisha ulinzi kwa muda:

manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 2

Baada ya kuwaka mara mbili ulinzi unarudi wenyewe.

Sasa:

1. Kwenye kila akaunti, nenda Settings, Accounts, Sign-in options, Fingerprint recognition, bofya Remove. Ya kwako na ya mwenzako.
2. Chagua Restart. Nembo ikitokea bonyeza Enter, kisha F1.
3. Ingia Security, halafu Fingerprint. Chagua Reset Fingerprint Data, kubali Yes.
4. Ukiwa hapo hapo, angalia Security, I/O Port Access: Fingerprint Reader iwe On.
5. F10 kuhifadhi na kutoka.
6. Rudi Windows, sajili vidole upya, ukianza na hicho cha shahada.

Jihadhari na kitu kimoja. Kwenye ukurasa huo huo wa Security kuna Security Chip, na ndani yake kuna Clear Security Chip. Jina linafanana na unachokitafuta, lakini kile ni TPM, chipu inayotunza funguo za siri za laptopu. Ukikifuta, PIN zote zinakufa na BitLocker itakuomba zile tarakimu 48. Usikiguse.

Kama menyu ya Security imefungwa na inaomba nywila usiyoijua, basi laptopu ilinunuliwa ikiwa na nywila ya msimamizi ya ofisi iliyokuwa nayo mwanzo. Kwa ThinkPad za umri huu kutoa betri ndogo ya bodi hakuiondoi. Njia inayotambuliwa na mtengenezaji ni kubadilisha bodi nzima. Wanaonunua mtumba waingie BIOS dukani kabla ya kulipa, wajaribu kubadilisha kitu kimoja na kukihifadhi.

Wenye HP za ofisi, EliteBook na ProBook: F10 wakati wa kuwasha, Security, tafuta Fingerprint Reset on Reboot, weka tiki, hifadhi. Kazi ni ile ile.

---

Mabawa_Umeme_na_Kompyuta alijibu:

Namba moja imeshajibiwa vizuri. Mimi nachukua namba mbili, kwa sababu dada ametoa dalili nzuri ambayo wengi hawaisemi: kuzima na kuwasha hakuponyi, Restart inaponya.

Windows ikiwa na Fast Startup, ukibofya Shut down haizimi kabisa. Inaandika hali ya kiini cha mfumo na draiva kwenye diski, na ukiwasha inazirudisha vile vile zilivyokuwa. Draiva iliyolewa jana inaamka na ulevi wake. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Kwa hiyo hapo tatizo ni draiva au usimamizi wa umeme, sio kihisi.

Anza hivi. Device Manager, Biometric devices, bofya mara mbili kihisi, kichupo cha Power Management, ondoa tiki kwenye Allow the computer to turn off this device to save power. Kichupo hicho kama hakipo, nenda Universal Serial Bus controllers, fanya hivyo kwenye kila USB Root Hub. Kihisi cha ndani nacho kimeunganishwa kwa USB japo huoni waya.

Kisha Control Panel, Power Options, Choose what the power buttons do, bofya Change settings that are currently unavailable, ondoa tiki ya Turn on fast startup. Utaona watu wanashauri powercfg /h off. Inafanya kazi, lakini inaondoa hibernate yote (kuzima huku kazi iliyo wazi ikihifadhiwa kwenye diski), na kwa umeme wetu wa kukatika sikushauri: betri ikifika mwisho hibernate ndiyo inayookoa kazi ya mteja uliyokuwa hujaihifadhi. Ondoa tiki tu, inatosha.

Baada ya hapo draiva. Kuiondoa na kuirudisha kama ulivyofanya mara nyingi hakubadilishi kitu, kwa sababu Windows inarudisha ile ile iliyonayo. Unapobofya Uninstall device, weka tiki ya kuondoa na draiva yenyewe. Halafu chukua mpya kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kuingiza namba ya siriali iliyo chini ya laptopu. Hapo hapo tafuta BIOS mpya na firmware ya kihisi (programu iliyo ndani ya kihisi chenyewe) kama ipo. Unapoweka BIOS, chaja iwe imechomekwa na betri iwe imejaa vya kutosha. Umeme ukikatika katikati betri ndiyo mwokozi. Na yale maneno ya BitLocker ya fundi_chumbageni yanahusu hapa pia. Angalia vilevile Settings, Windows Update, Advanced options, Optional updates. Draiva za vihisi hukaa humo bila kujiweka zenyewe.

Namna ya kupima: funga kifuniko dakika kumi hivi, fungua. Ikipotea tena, usifanye Restart haraka. Ingia kwa PIN, fungua Device Manager, View, Show hidden devices. Kihisi kikiwa kimefifia na ukikifungua kinasema Code 45, maana yake kimekatika kabisa kwenye USB. Kikiwepo na alama ya njano, soma namba: Code 10 kimeshindwa kuanza, Code 43 kimeripoti hitilafu na Windows ikakisimamisha. Kikiwa sawa kabisa lakini skrini ya kuingilia haikioni, shida ni huduma: services.msc, Windows Biometric Service, hakikisha Startup type ni Automatic, bofya Restart. Kumbukumbu ya nini kilitokea iko Event Viewer, Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Biometrics, Operational. Mistari miwili mitatu ya pale inasaidia kuliko picha kumi za skrini.

Ikiwa Code 43 au 45 inabaki hata baada ya Restart, izime, chomoa chaja, geuza laptopu, tafuta kitundu kidogo chini cha kurejesha umeme. Bonyeza ndani kwa pini ya karatasi iliyonyooshwa, subiri dakika moja, chomeka chaja, washa. Hakifuti data yoyote, kinakata umeme wa bodi tu.

Hapo ikishindikana ndipo tunafungua kuangalia utepe wa waya. Huku pwani chumvi ya hewani inakula viunganishi, utaona ukungu mweupe au wa kijani kwenye meno. Kabla ya kufungua ingia BIOS, Config, Power, Disable Built-in Battery. Safisha kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 kwenda juu na brashi laini, acha ikauke, rudisha utepe ukiwa umenyooka na kufuli lake limeshuka. Lakini kwa dalili za dada, sitarajii kufika huko.

---

Mama_Pongwe alijibu:

Ukili unahusika sana, na sio ukili peke yake.

Kihisi hiki hakipigi picha. Kina vinukta vingi vidogo vinavyopima chaji ya umeme kati yake na ngozi. Matuta ya ngozi yanagusa, mifereji haigusi, tofauti hiyo ndiyo alama. Kidole kikiwa na jasho au maji, maji yanajaza mifereji na kila kitu kinaonekana tuta. Kikiwa kikavu na kigumu, matuta yenyewe hayashiki vizuri. Anayesuka ukili, anayefua kwa jiki, anayeshika saruji au chokaa, anayevuna mwani, wote matuta yao yanasagika au kupasuka pale pale kwenye ncha ya gumba na shahada. Baada ya siku kadhaa za kupumzika yanarudi, ndiyo maana siku nyingine inakubali.

Afanye hivi. Asitumie vidole vinavyovuta ukili. Asajili cha pete cha mkono usiofanya kazi nzito. Windows inapokea alama hadi 10 kwa mtumiaji mmoja, kwa hiyo kidole kimoja akisajili mara mbili kama alama mbili inawezekana, moja siku mikono ni laini, nyingine siku imekauka. Inawezekana laptopu ikakataa ya pili kwa kuona ni kidole kile kile. Hapo asajili vidole viwili tofauti. Wakati wa kusajili asiguse katikati tu: ageuze kidogo kushoto, kulia, na ncha, kama anavyogusa kweli akiwa na haraka. Wengi wanasajili wametulia wima, halafu wanaingia kidole kimelala.

Mikono iliyopakwa mafuta ya nazi inaacha utando kwenye kihisi, na utando unamsumbua kila mtu anayefuata. Kufuta: zima, chomoa chaja, kitambaa laini cha miwani kilichotiwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 70, kiwe na unyevu tu bila kudondosha. Pitisha mara moja mbili, kausha. Usinyunyizie moja kwa moja, usitumie thina wala petroli, na usikwangue kwa kucha. Kama kuna plastiki ya kinga iliyobandikwa juu ya kihisi, itoe.

Jambo lingine lisilotajwa: chaja. Ajaribu kuingia laptopu ikiwa kwenye betri peke yake, halafu ikiwa kwenye chaji. Ikikubali kwenye betri na kukataa kwenye chaji, ekstensheni yenu haina ethi. Umeme mdogo unaovuja kutoka kwenye chaja unapita kwenye mwili wa laptopu na kuchafua kipimo cha kihisi, na padi ya kipanya nayo hurukaruka. Wengine husikia kama mwasho wakigusa sehemu ya chuma. Chomekeni moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani yenye ethi ya kweli. Kama dalili zinabaki, fundi umeme apime ethi ya jengo. Hilo ni la usalama wenu kabla ya kuwa la fingaprinti.

---

Duga_Linux alijibu:

Kwa atakayepita hapa akiwa na Ubuntu, yaani Linux badala ya Windows: kihisi hiki cha 06cb:00bd kinafanya kazi na libfprint, programu ya Linux ya kusoma vidole, bila kuongeza draiva. Hakikisha kwa lsusb, kisha sudo apt install fprintd libpam-fprintd, halafu fprintd-enroll, fprintd-verify, na mwisho sudo pam-auth-update uweke nyota kwenye fingaprinti. Ukiingia kwa kidole, pochi ya nywila ya GNOME (mazingira ya skrini ya Ubuntu) bado itakuomba nywila, hilo sio kosa. ThinkPad T480 usiihesabie humu. Kihisi chake ni 06cb:009a na kinahitaji draiva ya pembeni iitwayo python-validity. Na mwenye kubadilisha kati ya Windows na Linux afute alama kwenye BIOS kwanza, la sivyo atakutana na tatizo la dada.

---

BintiNgamiani aliandika:

Asanteni sana. BitLocker kweli ilikuwa On na sikujua, tarakimu nimeziandika. Reset Fingerprint Data imefanyika, cha shahada kimekubali. Fast Startup nimeondoa na draiva mpya nimeweka. Tangu hapo ikiamka kihisi kipo. Ya chaja pia ni kweli: kwenye ekstensheni mwenzangu anakataliwa zaidi kuliko kwenye betri. Tumehamia soketi ya ukutani.

Kwa vidole vyake lakini bado ni mara nyingine ndiyo mara nyingine hapana. Jirani ni wakala, ana kile kisomaji cha USB cha kusajilia laini za simu. Tukikichomeka kwenye laptopu kitafaa kuingilia Windows?

---

fundi_chumbageni alijibu:

Usikitegemee. Visomaji vingi vya kusajilia laini vimetengenezwa viongee na programu ya wakala, sio na Windows. Kipimo ni rahisi: kichomeke, fungua Device Manager. Kikitokea chini ya Biometric devices, kina draiva ya mfumo wa Windows na unaweza kujaribu kusajili. Kikitokea sehemu nyingine yoyote, Windows haitakihesabu hata kama taa yake inawaka. Na kama mnanunua cha nje, kiwe kimeandikwa kinakubali Windows Hello, mfumo wa Windows wa kuingia kwa kidole, uso au PIN. Kwenye baadhi ya mashine za Windows 11 kuna pia swichi ndani ya Sign-in options ya kuruhusu kamera au kisomaji cha nje. Ikiwa imezimwa, kisomaji kizuri kabisa hakitakubali.

Ila kwa mwenzako mimi nisingetoa hela. PIN ya Windows Hello inakaa kwenye laptopu hiyo tu na inalindwa na TPM, anayeikosea mara nyingi anazuiwa kwa muda. Sign-in options, PIN, Change PIN, weka tiki ya Include letters and symbols, aweke neno analolikumbuka lenye herufi na namba. Msimsajili kidole chake kwenye akaunti yako ili "kurahisisha", wala chako kwenye yake: Windows inahesabu kila kidole kilicho ndani ya akaunti kuwa ni cha mwenye akaunti, na faili za wateja zinabaki wazi kwa yeyote mliyemsajili humo.